Kufundisha uhakiki kwa wanafunzi waliozoea kukariri tamathali

Mwanafunzi anaweza kukutajia tamathali, yaani mbinu za lugha kama tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kejeli, zote na maana zake vile vile zilivyo kwenye daftari, halafu mpe aya ya hadithi ambayo hajawahi kuiona uone anavyokwama, au anakuandikia ile sentensi yetu maarufu kwamba mwandishi ametumia tashbihi ili kupamba kazi yake na kumvutia msomaji. Sentensi hiyo ibandike kwenye kitabu chochote itakaa tu, ndo maana haina kitu ndani. Mi naipiga marufuku mapema kabisa, ukiandika "kupamba" hupati maksi hapo, watanuna kidogo lakini watazoea.

Anza na kipande kifupi, mistari sita au saba inatosha, riwaya nzima itasubiri. Kisome wewe kwa sauti, wao kalamu chini wasikilize. Ukikirudia ndo wapige mstari popote palipowashtua, palipowachekesha au wasipopaelewa, na hapo usiulize tamathali, uliza tu "umeona nini?". Jina la mbinu lije mwisho, maana ukianza na jina wanaanza kuwinda majina na maandishi yenyewe hawayasomi tena.

Sasa kazi yenyewe. Chukua sentensi kama hii: "Nyumba ilimmeza Salma, mlango ukafumba mdomo." Waambie waiandike upya bila mbinu yoyote, watakuja na "Salma aliingia ndani, mlango ukafungwa." Ziandike zote mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, halafu uliza: tumepoteza nini? Acha kimya kiwe kirefu, usikimbilie kuwajibia. Kuna atakayesema hofu, sawa, hofu imetoka wapi? Mwingine ataona kwamba kwenye ya pili Salma ndo anatenda, anaingia kwa miguu yake, ila kwenye ya kwanza nyumba ndo inatenda na yeye anatendwa. Na mdomo ukishafumba kilichomezwa kinatokaje? Hapo ndo unawaambia hii inaitwa tashihisi, kitu kisicho na uhai kupewa matendo ya kiumbe hai, na sasa jina lina kazi. Zoezi hili la kufuta mbinu ukaangalia kilichopungua, mimi naliona lina faida kuliko orodha yoyote ya tamathali, na linafanya kazi hata kwa takriri, yaani neno linalorudiwa, hata kwa mpangilio wa matukio (hadithi iliyoanza na mazishi ipange upya ianze na ugonjwa uone kinachokufa).

Msimulizi nae asisahaulike. Waulize anayesimulia anajua nini na anaficha nini, basi, au waambie waandike tukio lile lile kwa mdomo wa mhusika mwingine.

Kwenye ushairi shida ni kwamba wanahesabu mizani (silabi za kila mshororo, yaani mstari), wanataja vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho, wanaandika "ni tarbia kwa sababu kila ubeti una mishororo minne", wanafunga daftari. Hesabu ni sawa lakini huo ni mwanzo tu. Kama mishororo yote ina mizani 8 kwa 8 na mmoja umevunja, waulize umevunjia wapi na hapo kunasemwa nini. Kibwagizo, ule mstari unaorudiwa mwisho wa kila ubeti, pia ni kizuri sana, maneno hayabadiliki lakini kisome baada ya ubeti wa kwanza kisha baada ya ule wa mwisho, mara nyingi kilichoanza kama ushauri kinaishia kuwa kejeli au kilio.

Kuandika sasa. Aya iwe na dai, ushahidi na maelezo, na maelezo yawe marefu kuliko nukuu. Nukuu maneno matatu manne, "ukafumba mdomo" inatosha, sio aya nzima ya kujazia ukurasa. Andika aya moja mbele yao huku unafikiri kwa sauti, futa, rudia, waone hata mwalimu hapati sentensi mara moja.

Watatofautiana na watabishana, waache. Kwa kila jibu swali ni moja tu, nionyeshe neno lililokufanya useme hivyo, akilikosa jibu lake limeanguka lenyewe bila wewe kumkatalia. Na ukitunga mtihani weka kipande wasichowahi kukiona, maana kile mlichokichambua darasani watakurudishia maneno yako mwenyewe.