Kuhamisha watu kutoka kundi hadi chaneli, na msimbo wa QR ulionitoa jasho

Mwalimu mmoja anayefundisha jioni mtandaoni alinipigia simu akiwa hoi. Kundi lake la WhatsApp lilikuwa limefurika: "Asante mwalimu", "Amina", picha za maua za asubuhi njema, na katikati ya hayo yote kazi ya wiki ambayo nusu ya darasa waliapa hawakuiona. Wiki hiyohiyo rafiki yangu anayeuza vifaa vya simu akaniletea kilio kilekile. Bei mpya zinazama kabla wateja hawajazisoma. Nilikaa na kila mmoja wao kumhamishia kwenye chaneli, yaani mahali ambapo mwenyewe ndiye anayetuma na wengine wanasoma tu, na hatua zikawa karibu sawa. Naziandika hapa ili nisizirudie tena kwa simu.

Hatua ya 1: Chagua chaneli moja

Kwa mwalimu nasema Telegram, bila kupepesa macho. Faili la hadi GB 2 linapita. Anayejiunga leo anaona somo uliloweka miezi sita iliyopita. Unaweza kupanga ujumbe utoke alfajiri huku wewe umelala. Kura zake pia zina aina ya chemsha bongo: mwanafunzi akikosea anajulishwa papo hapo, pamoja na maelezo mafupi uliyoyaandika. Chaneli za Telegram zipo tangu 2015, kwa hiyo mengi yameshanyooka.

Kwa muuzaji, WhatsApp. Imeleta chaneli mwaka 2023 tu na bado ina mapungufu, lakini wateja tayari wamo humo. Kumwambia mteja apakue programu nyingine ili aone bei ni kumfukuza kistaarabu. Tena wafuasi hawaoni namba za wenzao, tofauti na kundi ambako namba ya mtu inaanikwa kama nguo kwenye kamba. Ila chukulia kwamba kila unachoweka chaneli ni hadharani: usipachike humo alama za wanafunzi wala oda za wateja.

Usifungue zote mbili. Najua utafungua. Baada ya wiki tatu moja itakuwa gofu.

Hatua ya 2: Fungua

WhatsApp: nenda upande wa stetasi, gusa alama ya kujumlisha, chagua kufungua chaneli. Telegram: gusa kalamu, chagua chaneli mpya, iwe ya wazi, kisha ipe jina fupi linaloweza kutamkwa kwa simu bila kuulizwa "herufi gani?" Mwalimu aunganishe pia kundi la mjadala kwenye mipangilio ya chaneli, ili kila somo lipate sehemu ya maoni chini yake. Hao wa "Amina" watahamia huko, na hawatamsumbua mtu.

Hatua ya 3: Weka matangazo matatu kabla ya kumwalika yeyote

Mtu akifungua mlango akakuta chumba kitupu, anarudi alikotoka.

Hatua ya 4: Fomu ya kujiandikisha

Natumia Google Forms. Maswali yasizidi manne. Angalizo moja tu: ukiweka swali la kupakia faili, au ukiwasha kizuizi cha jibu moja kwa kila mtu, fomu itamtaka mjazaji aingie kwanza kwenye akaunti ya Google. Wewe hutaliona tatizo hilo kwa sababu simu yako imeshaingia. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari ndipo utaona wanachokiona wao.

Hatua ya 5: Msimbo wa QR

Hapa ndipo nilipopotezea siku nzima, kwa hiyo vumilia.

Nilitengeneza msimbo wa QR, ile alama ya viraba inayoskaniwa kwa kamera ya simu, kwenye tovuti moja ya bure ili uwapeleke watu kwenye chaneli, nikachapisha mabango, nikayabandika. Ulifanya kazi vizuri. Baada ya wiki mbili mtu akanitumia picha ya skrini: akiskani bango langu anapelekwa kwenye ukurasa unaosema muda wa majaribio umekwisha, mwenye msimbo alipie. Mwenye msimbo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepewa msimbo wa kupitishia bila kujua.

Misimbo hii iko ya namna mbili. Wa moja kwa moja una anwani yako yenyewe ndani ya vile viraba vyeusi. Ukishauchapa, hakuna wa kuuzima. Unasomeka hata kama tovuti iliyoutengeneza imekufa. Ndivyo ulivyozaliwa: Denso Wave ya Japani iliubuni mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, wala hapakuwa na mtu wa kati. Wa kupitishia una anwani fupi ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo ndiyo inayomwelekeza mtu kwako. Faida yake ipo: unaweza kubadilisha mwelekeo bila kuchapa upya, na unahesabiwa walioskani. Lakini ufunguo wa nyumba yako umemwachia jirani.

Kuutambua ni rahisi mno, na ndiyo maana niliona aibu. Elekeza kamera ya simu kwenye msimbo lakini usifungue kiungo. Soma anwani inayojitokeza. Je, ni yako? Ukiona jina la kampuni usiyoijua na mkia wa herufi sita zisizo na maana, usichapishe.

Usiniambie utatumia kifupisha viungo cha kampuni kubwa ili uwe salama. Goo.gl ilikuwa ya Google yenyewe, na mwaka 2019 ilifunga mlango kwa viungo vipya.

Ninavyofanya sasa: nina jina langu la tovuti, na ndani yake kurasa fupi ambazo kazi yake ni kumpeleka mtu kwingine tu. Moja inaishia na /bango, nyingine /kadi, nyingine /darasa. Zote kwa sasa zinaelekea kwenye chaneli. Kesho nikihama, nabadilisha mwelekeo mwenyewe, mabango yanabaki ukutani. Nikitaka kujua bango limeleta watu wangapi, nahesabu waliopita /bango. Wanaopenda vile vimkia vya utm_source, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa anwani kuonyesha mtu ametokea wapi, waviweke kwenye anwani ya mwisho, si kwenye msimbo, na wakumbuke kwamba "Bango" na "bango" huhesabiwa kama vitu viwili tofauti.

Ufupi wa anwani si urembo. Msimbo mdogo kabisa una viraba 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177. Kadiri anwani inavyorefuka, viraba vinaongezeka na kuwa vidogo, mpaka simu yenye kamera hafifu inakodoa tu.

Kuutengeneza, Chrome kwenye kompyuta inatosha: menyu ya nukta tatu, sehemu ya kushiriki, tengeneza msimbo wa QR. Unakuwa wa moja kwa moja, bila kujisajili popote. Kwa bango kubwa natumia Inkscape, programu ya kuchora, kwa sababu mchoro wake haupasuki ukikuzwa. Ukitaka nembo katikati, chagua kiwango cha juu cha ustahimilivu, yaani H, ambacho huvumilia takriban asilimia 30 ya msimbo kuharibika. Kiwango cha chini, L, huvumilia asilimia 7 tu, na nembo itaula wote. Pia acha ukingo mweupe wa upana wa viraba vinne pande zote. Wachora mabango hupenda kuukata ili "upendeze". Kataa. Rangi iwe nyeusi juu ya nyeupe. Mwalimu wangu alitaka njano juu ya nyeupe ifanane na nembo yake. Tulijaribu simu tatu, ikasoma moja.

Kisha chapa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, ibandike ukutani, rudi nyuma. Kwa makadirio, umbali wa mita moja unahitaji msimbo wa sentimita 10. Mpe simu mtu aliyevaa miwani na asiyeyapenda mambo haya, ukae kimya umtazame. Usiagize mabango mia kabla ya hapo.

Hatua ya 6: Hamisha watu

Usilifute kundi la zamani. Mwalimu alitaka kulifuta usiku uleule, nikamzuia. Badilisha mipangilio ili admini pekee ndio watume ujumbe, bandika kiungo cha chaneli juu kabisa, na kwa mwezi mzima weka kule kichwa cha habari tu: "Kazi ya wiki iko tayari, ipo chaneli." Kazi yenyewe usiiweke, hata wakilalamika. Watalalamika siku mbili tatu. Wa mwisho kuhama kwenye kundi la yule mwalimu alikuwa mzazi mmoja aliyekuwa akituma maua kila asubuhi; siku hizi anayatuma kwenye maoni.