Somo: Jinsi chembe za barafu zinavyokausha hewa ya juu kabisa

Tukichukua hewa ya Nairobi tukaipandisha kilomita 17, itafika ikiwa imekauka kuliko ya jangwani. Baridi peke yake haitoshi kuleta ukavu huo. Chukueni kikokotoo.

Hatua ya 1. Asubuhi ambayo umande hutanda kwa nyuzi 14, mgandamizo wa mvuke ni hektopaskali 16 hivi (hektopaskali moja ni paskali 100), na wa hewa yote hapa jijini ni kama 830. Gawanya: molekuli 19,000 hivi za maji katika kila milioni.

Hatua ya 2. Ipandishe. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kama mvua, hilo mnalijua.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu. Tone dogo safi laweza kubaki maji hadi karibu nyuzi -38, lakini barafu hutosheka na mvuke mchache zaidi: kwa nyuzi -20, kiasi kinachoshibisha hewa juu ya barafu ni kama asilimia 82 ya kile cha juu ya maji. Kwa hiyo chembe ya barafu hunenepa huku matone jirani yakinyauka. Nyama isiyofunikwa kwenye friza hukauka vivyo hivyo, na ukoko wa ukutani ukizidi.

Hatua ya 4. Kilomita 17, nyuzi -83: mvuke wa paskali 0.032 ndani ya hewa ya paskali 9,500 hivi. Zimebaki molekuli 3 hivi katika milioni!

Hatua ya 5. Chembe zianguke. Zisipoanguka, hewa ikipata joto zitageuka mvuke tena, na kazi yote imekwenda bure. Zikianguka, hewa huingia stratosfia, yaani tabaka lililo juu ya lile la mawingu na mvua, ikiwa kavu. Mwaka 1949 mwanasayansi wa hewa Alan Brewer alieleza kwamba ukavu uliopimwa katika stratosfia juu ya Uingereza ulitoka huku kwetu tropiki.

MASWALI

Mwanachama, Kasarani: Mwalimu, mvuke ukishazidi kiwango, barafu si hujitokeza yenyewe?
Jibu: Si lazima. Pasipo vumbi linalofaa, mvuke waweza kupita asilimia 150 ya kiasi kinachoshibisha hewa juu ya barafu kabla ya kuganda.

Mwanachama, Rongai: Na kwenye ncha za dunia, hewa hukaushwa hivyo pia?
Jibu: Antaktika, ndiyo. Majira yao ya baridi stratosfia hushuka chini ya nyuzi -85, mawingu ya barafu hujitunga humo na kudondosha maji.

Mwanachama, Kawangware: Puto za idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner zinaweza kupima ukavu huo?
Jibu: Kihisio cha kawaida cha unyevu huzubaa kwenye baridi hiyo. Kinachofaa ni kioo kidogo kinachopozwa hadi kishike jalidi. Halijoto yake wakati huo ndiyo hukupa mvuke.