Kusomesha siasa za dunia barazani

Kila likizo vijana wa chuo hunijia barazani Langoni, hapa Lamu, baada ya Isha, na makaratasi yao ya nadharia za uhusiano wa kimataifa. "Mwalimu, na Uislamu wasemaje?"

Ukitaka kusomesha darsa kama hii, usianze na Dar al-Islam, nchi ya Uislamu, na Dar al-Harb, nchi ya vita. Mwaka wa kwanza nilianza hivyo, wakateta mpaka kahawa ikapoa. Maneno hayo hayamo katika Qur'ani. Ni istilahi za mafakihi, wanazuoni wa sheria, na Mashafi, ambao ndio sisi huku pwani, wakaongeza la tatu: Dar al-Ahd, nchi ya mkataba.

Anza na Hudaybiya, mkataba wa Mtume (SAW) na Makureshi wa Makka, mwaka 628, uwasomee polepole. Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akataa yasiandikwe "Mtume wa Mwenyezi Mungu". Mtume (SAW) aagiza yafutwe. Mara atokea Abu Jandal, mwana wa Suhail huyo huyo, amesilimu, yuko na minyororo, na anarudishwa kwa Makureshi kwa sababu ya mkataba. Hapo nyamaza. Waache iwaume. Kisha fungua Al-Anfal, aya ya 72: Waislamu waliobaki nyuma wakiomba msaada kwa ajili ya dini, wasaidieni, isipokuwa dhidi ya watu mliofunga nao ahadi.

Sasa mlete Kenneth Waltz, mwanazuoni wa Marekani, na nadharia yake ya 1979: juu ya dola hakuna serikali, basi kila dola ijilinde yenyewe. Al-Shaybani, fakihi aliyefariki 805, hofu hiyo aliijua. Fani yake, siyar, ni sheria za vita na amani. Tofauti ni kwamba kwake ahadi ina Shahidi aliye juu ya wafalme. Vijana hupenda kuishia hapa, wakijiona wameshinda. Usiwaruhusu.

Wapeleke Shela, alasiri, maji yakiwa yametoka. Kwenye mchanga ule, miaka ya 1810, Lamu iliwapiga Pate na Mazrui wa Mombasa, kisha ikamwendea Sayyid Said wa Omani kuomba ulinzi. Wote kibla chao kimoja, kwa hiyo ramani ya dar mbili haikufai kitu. Waulize: ni hofu ya Waltz, au asabiya, mshikamano wa kikundi, ya mwanahistoria Ibn Khaldun? Na ulinzi ule ulikuwa mkataba, au Lamu ilijiuza?

Ukiwa na kijana wa Pate darasani, beba halua ya kutosha.