Benchi la uani la mkongo: kuanzia kununua mbao hadi kupaka mafuta

Mwezi wa tisa mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kigamboni. "Shikamoo mjomba. Nimepata mkongo mzuri, nataka nimtengenezee mama benchi la uani. Nianzie wapi?" Nikamwuliza kama ameshalipa. Alikuwa bado. Nikamwambia asitoe hela mpaka nifike nizione mbao kwa macho yangu, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuharibu kazi nzima ya mabenchi manne kwa kosa la siku ile moja ya kununua. Haya ninayoandika ndiyo tuliyofanya naye, na pale nilipoumia nimeeleza kwa urefu.

Kwanza ujue adui ni nani. Samani ya nje iliyotengenezwa kwa mti mgumu haiharibiwi na mvua inayonyesha ikapita. Huharibiwa na maji yaliyokuwa ndani ya mbao tangu unanunua, halafu na maji yanayoingia kwenye kiungo yakakosa pa kutokea. Kila hatua hapa chini inahusu maji hayo mawili.

Hatua ya 1: Chagua mti

Mninga ni mti wangu wa ndani: makabati, vitanda, meza ya chakula. Unavumilia nje pia, lakini sioni sababu ya kuuweka juani upauke. Mvule ni mzuri, ila una mawe ndani yake, vipande vyeupe vya chokaa vinavyomaliza meno ya msumeno bila kukuonya. Mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa unafaa sana, tena ni mwepesi kuufanyia kazi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza na mtiki uliokomaa upo, chukua huo.

Kwa benchi la kukaa miaka mingi mimi huchagua mkongo. Watu wa Kenya na Visiwani wanauita mbambakofi, na wazee wa pwani waliutumia kwenye milango ya kuchonga na majahazi. Mita moja ya ujazo ikishakauka ina uzito wa kilo 800 hivi. Mchwa hawauwezi. Na jambo ninalolithamini kuliko yote, ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana majira yakibadilika.

Chukua kiini tu. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gamba, hubunguliwa na kuoza kama mti wowote ule. Muuzaji akikuambia ukipaka rangi haitaonekana, rudisha ubao.

Hatua ya 2: Karatasi

Mkongo ni mti wa msitu wa asili na unakua polepole. Omba kuona hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na udai risiti. Kama unaweza kupata mbao za misitu ya vijiji, zitafute. Kule Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki na kusimamia misitu yao, na mwaka 2009 baadhi yake vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utunzaji. Fedha ya mti inarudi kijijini, na wanakijiji wana sababu ya kuulinda msitu. Mimi nikinunua mkongo bila karatasi najihesabu nimeshiriki kuiba, na nasema hivyo hata mbele ya mafundi wenzangu.

Chanzo cha pili ninachokipenda ni nyumba zinazobomolewa. Boriti na fremu za mkongo za miaka mingi zimekauka kabisa, na hakuna mti mpya uliokatwa. Pitisha sumaku kila upande kabla ya msumeno, maana misumari iliyokatika kichwa huwa imejificha. Miguu ya benchi la dada yangu imetoka kwenye boriti za namna hiyo.

Hatua ya 3: Hakikisha imekauka

Hapa ndipo nilipopata hasara. Nilipewa kazi ya mabenchi manne ya nyumba ya wageni kule Bagamoyo. Nikanunua mbao za inchi 2, muuzaji akaapa zimelala mwaka mzima. Juu zilikuwa kavu, tena zina vumbi. Nikaunga, nikapaka, nikapeleka. Baada ya miezi miwili nikaitwa. Ndimi, yaani zile ncha zilizochongwa ziingie kwenye matundu ya kiungo, zilikuwa zinacheza ndani ya matundu kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na mbao za kukalia zilikuwa zimekunja kingo juu, maji yanatuama katikati. Nikayarudisha yote manne karakana na kuyafungua kiungo baada ya kiungo.

Ubao mgumu hukauka ngozi kwanza. Ndani unaweza kubaki mbichi hata mwaka wa pili, na jicho halioni. Kugonga na kusikiliza mlio hakutoshi. Kuinua na kukisia uzito ndiyo kabisa, kwa sababu mkongo hata ukikauka ni mzito. Kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili ninacho, ila sikitumii peke yake: sindano haziingii vizuri kwenye mti mgumu, kinasoma ngozi tu, na vingi vimepangwa kwa ajili ya miti laini. Ninachokiamini ni mizani.

Kata kipande cha upana wa vidole viwili, ukivuka upana wote wa ubao. Usikikate mwishoni. Ncha za ubao hukauka mapema na zitakudanganya, kwa hiyo ingia ndani angalau sentimita 50. Ndiyo, unapoteza ubao kidogo. Futa unga wa msumeno, ondoa vibanzi vinavyoning'inia, kisha pima papo hapo kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Kama mizani iko nyumbani, kifunge kipande kwenye nailoni mpaka ufike. Andika uzito juu yake kwa penseli.

Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103. Kisiguse ukuta wa oveni, na moto usizidi hapo, kwa sababu kikianza kuungua kinapoteza uzito ambao si wa maji na hesabu yako imekufa. Kama huna oveni, zungumza na mwoka mikate wa mtaani. Kila baada ya saa chache kitoe, pima, rudisha. Uzito ukigoma kushuka mara mbili mfululizo, maji yamekwisha. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100.

Kipande cha mpwa wangu kilikuwa na gramu 214. Kilipokauka kikawa na 171. Tofauti ni 43, na 43 kwa 171 ni asilimia 25. Kwa ukanda wetu wa pwani mbao za nje ninazitaka kwenye 14 hadi 16. "Lakini mjomba, mbona kwa mkono ni kavu?" Nikakipasua kipande kingine katikati kwa patasi, nikamwekea shavuni upande wa ndani. Ulikuwa wa baridi. Hakuuliza tena.

Sasa kama ni mbichi, usiitupe, ipange ikauke. Weka matofali, mbao ziwe juu ya ardhi sentimita 40. Katikati ya kila safu weka vijiti vya inchi moja, kila baada ya sentimita 45 hivi, na vijiti vya safu zote vikae kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikihama kidogo, ubao unapinda pale pale. Ncha zote zipake rangi yoyote iliyobaki au nta, zisipasuke. Bati juu, pembeni wazi upepo upite, jua lisizipige moja kwa moja. Juu kabisa weka mawe mazito.

Mafundi husema inchi moja ya unene ni mwaka mmoja. Kwa mkongo hesabu hiyo ni ya chini. Mbao za inchi moja za mpwa wangu zilichukua miezi kumi, na zilikuwa zimeanza kukauka kabla hatujazinunua. Za inchi 3 sizisubiri tena, ndiyo maana miguu naitafuta kwenye nyumba za kubomolewa.

Kila mwisho wa mwezi chukua ubao ule ule mmoja, upime kwa mizani ya kuning'iniza, uandike kwenye daftari. Lakini angalia jambo hili, lilinichanganya miaka mingi: wakati wa masika ubao unarudisha uzito. Mwezi wa nne utaona umeongezeka ukadhani umekosea kupima. Hujakosea, umevuta unyevu wa hewa. Na ukiona uzito umesimama mwezi wa nne, usiseme umekauka. Subiri kipupwe. Ukisimama mwezi wa saba na wa nane, hapo kata kipande kingine cha oveni uhakikishe, kisha anza kazi.

Hatua ya 4: Kata na piga randa

Vipimo vyangu kwa watu watatu: urefu sentimita 150, kimo cha kukalia 43, kina 40. Mbao za kukalia ni tano, upana inchi 3, unene inchi 1, na kati yake acha nafasi ya milimita 6 maji yapite. Benchi zima litapita kilo 40, kwa hiyo usiliahidi mtu ghorofani.

Tumia msumeno wenye meno ya tangsteni. Vaa barakoa, vumbi la mkongo linapigisha chafya na kuwasha koo.

Nyuzi za mkongo zimesukana, hazilali upande mmoja, hivyo randa inayokwenda vizuri huku inang'oa vibanzi kule. Noa mara kwa mara, punguza chuma cha randa kinachotokeza mpaka utoe maranda membamba. Pale panapong'oka malizia kwa kipande cha msumeno wa zamani ulichokinoa ukingo, ukwangue. Watu hukimbilia mashine ya msasa. Mimi uso uliokwanguliwa naupenda zaidi, maji huteleza juu yake.

Hatua ya 5: Osha rangi ya njano

Mkongo una rangi ya njano ndani ya vitundu vyake na mvua huitoa. Mabenchi yale ya Bagamoyo yaliacha michirizi ya njano kwenye sakafu nyeupe, na haikutoka kwa sabuni wala kwa dawa. Kwa hiyo kabla ya kuunga, simamisha vipande ukutani, vimwagie maji kwa mpira, sugua kwa brashi ngumu. Vikauke kivulini. Rudia kesho na keshokutwa, mpaka maji yanayochuruzika yawe meupe. Kisha viache wiki mbili. Hata hivyo mwaka wa kwanza benchi likae juu ya udongo au kokoto, na mtu asianike nguo juu yake.

Hatua ya 6: Unga

Ulimi na tundu, na kijiti cha kufungia. Gundi nyeupe ya seremala haifai nje. Ukitaka gundi tumia epoksi, na futa kiungo kwa asetoni muda huo huo unapounga.

Tundu la kijiti kwenye ulimi lisogeze milimita moja kuelekea bega, pale ulimi unapoanzia, ili kijiti kikiingia kivute kiungo kibane. Kwa mti laini ungesogeza mbili, kwa mkongo moja yatosha. Kijiti kipasue kwa patasi kufuata nyuzi, usikikate kwa msumeno, na kiwe cha mkongo wenyewe. Wengi hupenda mpingo kwa urembo wake mweusi, lakini mpingo hauinami, hukatikia ndani bila wewe kuona.

Kila tundu ambalo mdomo wake unatazama juu, litoboe chini kwa kekee ya milimita 6 litokeze nje. Kitundu hicho kidogo ndicho kinachotoa maji.

Mbao za kukalia zifunge kwa skrubu za shaba au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na mkongo wenye unyevu kinaacha doa jeusi, na kwa chumvi ya bahari haichukui muda. Toboa kwanza. Skrubu ya shaba hukatika kichwa kirahisi, basi tangulia na ya chuma ya ukubwa ule ule itengeneze njia, itoe, ndipo uingize ya shaba. Ipake mshumaa. Sabuni usipake, inavuta maji.

Hatua ya 7: Mafuta, si vanishi

Vanishi nje siitaki. Jua linaipasua, maji yanaingia chini yake, yanafungiwa humo, na ubao unaanza kuwa mweusi ukiwa bado unang'aa. Ama liache benchi tupu ligeuke rangi ya kijivu, halitaoza kwa hilo, ama lipake mafuta ya kitani yaliyozimuliwa kwa tapentaini, mara mbili, nyembamba kila mara, ukifuta yanayobaki baada ya robo saa. Ukiyaacha mazito yanashika ukungu.

Matambara uliyofutia yatandaze nje, moja moja, mpaka yakauke. Usiyakunje ukayatupa kwenye kona ya karakana: mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe na matambara yanaweza kuwaka bila kiberiti.

Nyayo za miguu zipake epoksi mara tatu, kwa sababu pale ndipo nyuzi zinapofyonza maji kama mrija.

Hatua ya 8: Baada ya masika ya kwanza

Lipindue. Tulipolipindua la dada mwezi wa tano, viungo vilikuwa vimekaa vile vile, lakini vitundu viwili vya kutolea maji vilikuwa vimezibwa na nyigu kwa udongo. Mpwa wangu alivizibua kwa spoku ya baiskeli, maji yakatoka kama kijiko kimoja hivi, ya kahawia. Sasa spoku hiyo ameining'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, na kila mvua kubwa ikikatika anapita kuvizibua.