Somo: Pikipiki moja ya kwendea kazini na ya kusafiria, kwa mtu wa kipato cha kawaida

Habari zenu wakuu. Mara kwa mara napigiwa simu na mtu mwenye hela mkononi, anataka pikipiki ya kumtoa nyumbani hadi kazini, na mwisho wa mwaka imfikishe kwao. Nimeona niandike kwa utaratibu, wengine wasome pia. Mimi naishi Mbezi Mwisho, kazi yangu iko Posta, na kwetu ni Lushoto. Chombo changu kinakula foleni ya Morogoro Road siku tano kwa wiki, na mara mbili tatu kwa mwaka kinapiga zaidi ya kilomita 300 hadi Mombo kabla ya kupanda ule mlima wa kona.

Ushauri wangu nausema mapema: nunua pikipiki ambayo hata fundi wa mji mdogo wa njiani kama Segera anaijua.

Nimejifunza kwa maumivu. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa cc 200, ndefu, ya muundo wa porini, kila nikiegesha watu wanaizunguka. Nikiwa njiani kwenda nyumbani, pleti za klachi ziliungua karibu na Segera. Fundi alifungua, akazitoa zimekuwa nyeusi, akaniambia, "Kaka, hizi hapa huzipati, na Korogwe usijisumbue." Nikapiga simu Kariakoo, duka moja baada ya jingine, mpaka nikapata, zikatumwa kwa basi. Nililala gesti siku mbili. Muda wote huo bodaboda walikuwa wanaingia kwenye kile kibanda na Boxer na TVS zao, wanabadilishiwa kebo au cheni, wanaondoka chai yangu haijapoa.

Hatua ya 1: Anza na safari yako ngumu kuliko zote

Usianze na picha za mtandaoni. Jiulize siku ngumu kuliko zote pikipiki hii itabeba nini, wapi, na mvua ya msimu gani. Kama hutoki nje ya Dar isipokuwa Bagamoyo kula samaki, cc 100 hadi 125 inakutosha. Kama utampakia mwenzio na begi hadi Morogoro, hiyo ni habari nyingine.

Hatua ya 2: cc 125 au 150?

Jibu liko barabarani kati ya Mlandizi na Chalinze. Pale unakuwa nyuma ya lori refu, linatembea 60, na basi liko mgongoni kwako. Pikipiki ya cc 100 yenye watu wawili ikifika 70 au 80 imeshamaliza, hakuna nguvu ya akiba ya kulipita lori ukarudi upande wako salama. Ya cc 150 si ya mbio, lakini ina hiyo akiba, na injini haipigi kelele ya kuomba msamaha saa nne mfululizo. Ya cc 125 yenye gia tano inatosha kabisa kwa mtu anayesafiri peke yake.

Mafuta yasikutishe. Hizi za cc 125 na 150 ukiziendesha kwa upole zinakwenda kilomita 40 hadi 50 kwa lita. Pima mwenyewe: jaza tenki hadi shingoni, andika kilomita, tembea wiki nzima, jaza tena sheli ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Namba ikianza kushuka mwezi hadi mwezi, kuna kitu: kisafisha hewa kimeziba, breki inabana, au kabureta imechezewa.

Hatua ya 3: Nenda Kariakoo kabla hujaenda kununua

Hatua hii wengi wanairuka. Andika kwenye karatasi: pleti za klachi, kebo ya klachi, cheni na sproketi zake, breki za mbele na nyuma, CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamuru plagi ichome), beringi za magurudumu. Ingia maduka matatu, taja aina ya pikipiki unayoitaka, uliza bei na kama mzigo upo. Kama duka la kwanza wanakutajia bei hata hawajanyanyua kichwa, umepata jibu. Kama wanapigiana simu, fikiria upya. Ndiyo maana kwa mtu wa kawaida narudi palepale: Bajaj Boxer 125 au 150, na TVS HLX 125 au 150. Bodaboda wamezifanyia majaribio kuliko mhandisi yeyote.

Angalia na tairi. Saizi 3.00-17 ya nyuma utaipata mpaka gulio la kijijini. Na ukinunua tairi, soma ubavuni zile namba nne za mwisho za DOT, yaani mstari wa herufi na namba unaoanza na neno DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Hata kama nywele zake bado zipo, mpira umeshakomaa, na kwenye lami yenye maji utateleza.

Hatua ya 4: Mpya au iliyotumika?

Kama uwezo upo, chukua mpya. Sababu yangu ni hii: pikipiki nyingi zilizotumika hapa mjini zimetoka kwenye mkataba wa bodaboda. Kijana ameibeba hesabu ya kila siku ya bosi, asubuhi mpaka usiku, mishikaki, magunia, mitungi ya gesi. Simlaumu, anatafuta maisha. Lakini injini yake imeshafanya kazi ya miaka kadhaa ya mtu kama wewe.

Ukilazimika kununua ya mkononi, fanya hivi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini; kama ni ya moto, amekuwa akiibembeleza iwake. Iwashwe baridi, kwa kiki, siyo kwa stata peke yake. Moshi wa bluu usioisha maana yake inakula oili, na hapo unanunua pistoni na ringi. Nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu: ukihisi unagota katikati, beringi za shingo zimekwisha au iligonga. Pitisha kidole chini ya siti na kwenye shingo ya fremu ukitafuta alama za kuchomelea. Kilomita za kwenye saa usiziamini, kebo hukatwa. Tazama mpira wa kukanyagia na ncha ya pedeli ya breki. Chuma kilicholika hadi kung'aa hakidanganyi.

Na uje na fundi wako, siyo wa muuzaji.

Hatua ya 5: Karatasi

Namba ya chesisi kwenye fremu na namba ya injini zifanane na kadi, herufi kwa herufi. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, angalia kama kuna deni la faini za trafiki, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike sasa, siyo "tutafanya baadaye". Leseni yako iwe na daraja la pikipiki. La gari peke yake halikuruhusu.

Hatua ya 6: Usimalize hela yote dukani

Tenga za helmeti nzuri yenye kioo, koti la mvua, vioo vya pembeni vinavyoonyesha kitu, na oili ya kubadilisha mara ya kwanza. Hiyo ya kwanza iwahi, kwenye kilomita 500 hivi, kwa sababu injini mpya inatoa unga wa chuma. Baada ya hapo mimi nabadilisha kila kilomita 2,000. Oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, kipimo cha oili zinazofaa klachi ya pikipiki. Baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo itaanza kuteleza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali, Kigamboni:* Mkuu shukrani. Mimi ni mwanamke, si mrefu, na naogopa uzito. Nichukue skuta?

*Jibu:* Dada, skuta ni nzuri kwa Kigamboni hadi mjini, lakini magurudumu yake ni madogo, shimo ambalo pikipiki inalivuka skuta inaingia. Boxer na wenzake wana kama kilo 120. Kaa juu yake dukani, miguu yote miwili ifike chini, isukume mwenyewe kurudi nyuma. Ukiweza hivyo, utaimudu. Na huko kwenu upepo wa bahari una chumvi: ioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki na upake cheni oili, la sivyo spoku zitaota kutu mapema.

*Swali, Tabata:* Kuna Yamaha AG100 inauzwa mnadani, ya mradi fulani. Vipi hiyo?

*Jibu:* Chombo kigumu sana, cheni yake imefunikwa, vumbi haligusi. Ila ni injini ya mipigo miwili, inataka oili yake maalumu kila siku, na kwenye barabara kuu inachoka mapema. Kama shamba lako liko njia ya vumbi, ichukue. Kwa Dar hadi Moshi, hapana.

*Swali, Mbagala:* Kaka, rimu za spoku au zile za kumwaga? Na breki ya diski ina umuhimu?

*Jibu:* Kwa njia zetu nachagua spoku. Ikipinda inanyooshwa kwa shilingi chache, ile ya kumwaga, ya kipande kimoja bila spoku, ikipasuka umenunua nyingine. Beba tyubu ya nyuma na spana ya ekseli. Diski ya mbele ukiipata ichukue, hasa wakati wa masika. Lakini ukiteremka Lushoto kwenda Mombo, breki ya kwanza ni gia. Weka ya pili au ya tatu, iache injini ikushike, breki ziguse tu kwenye kona. Nimeona watu wanafika bondeni breki zinanuka moshi.

*Swali, Kimara:* Natarajia kumpakia mke na mtoto wa miaka mitano kwenda Bagamoyo. 150 itatuvuta?

*Jibu:* Itawavuta, mdogo wangu, lakini usifanye. Abiria ni mmoja. Huyo mtoto akikaa katikati hana pa kushika wala helmeti inayomkaa. Wao wapande basi, wewe tangulia na pikipiki ukawapokee stendi.

*Swali, Tabata tena:* Safari ya kwanza ya kujaribu pikipiki mpya unashauri wapi?

*Jibu:* Zunguka Bagamoyo, Msata, Chalinze, urudi kwa Kibaha. Lami tupu, Bagamoyo hadi Msata magari si mengi, na kila mji una fundi na sheli. Toka saa kumi na mbili asubuhi, simama kila baada ya saa moja ushike vitovu vya magurudumu kwa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko kingine, breki inabana au beringi inakufa. Afadhali ujue ukiwa Msata kuliko ukiwa Segera usiku.