Jinsi ya Kupanga Mikusanyiko ya Jim Reeves Inayorudia Nyimbo Zilezile

Jirani yetu mmoja hapa Nakuru, mwalimu mstaafu, aliniletea mfuko wenye CD 31 za Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani, na kuniambia, “Mwanangu, nitilie zote kwenye flashi ya gari, lakini kila wimbo niusikie mara moja.” Kuhamisha muziki wa kanda, santuri na CD kwenda kwenye kompyuta ndiyo kazi inayonilisha, nami nilikadiria siku mbili. Ilinichukua wiki tatu, kwa sababu karibu kila CD katika mfuko ule ilikuwa mkusanyiko wa “nyimbo bora”, na He'll Have to Go pekee ilikuwamo mara 17. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliye na mfuko kama huo, na katika nchi ambako watu wengi wamelelewa na sauti hiyo redioni, mifuko ya namna hiyo si michache.

Kabla ya kuanza, elewa kwa nini nyimbo zinajirudia

Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka karibu na Nashville. Kampuni ya RCA Victor ilibaki na rekodi nyingi ambazo hazikuwa zimetolewa, na mjane wake, Mary Reeves, akausimamia urithi huo kwa miongo kadhaa, hivyo albamu mpya ziliendelea kutoka miaka mingi baada ya mazishi. Sababu ya pili ni ya kisheria. Barani Ulaya rekodi zilikuwa zikilindwa kwa miaka 50, na muda huo ulipoongezwa kuwa 70 mwaka 2013, zile ambazo ulinzi wake ulikuwa umekwisha hazikurudishiwa. Kwa hiyo rekodi iliyotolewa kabla ya mwaka 1963 inaweza kuchapishwa huko na kampuni yoyote bila idhini ya aliyeirekodi, na kampuni ndogo nyingi zinachota katika kisima hichohicho. Ukilijua hilo, hutashangaa kukuta Four Walls ya 1957, He'll Have to Go ya 1959 na Adios Amigo ya 1962 chini ya majalada kumi tofauti, huku Distant Drums, iliyotolewa 1966, ikikosekana katika mengi ya majalada hayo.

Hatua ya 1: Nakili kila CD nzima

Tumia programu ya Exact Audio Copy ikiwa kompyuta yako ni ya Windows, na uhifadhi katika FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti yoyote. Usinakili kwa MP3 katika hatua hii hata kama nafasi ni ndogo, kwa maana MP3 hutupa sehemu ya sauti, na sehemu inayotupwa ndiyo utakayoihitaji katika hatua ya 4. Nakili hata zile CD unazoamini kuwa zinafanana na nyingine.

Hatua ya 2: Andika orodha katika lahajedwali

Safu tano zinatosha: jina la wimbo, muda wake, CD ulikotoka, kama ni mono (sauti ileile pande zote mbili) au stereo (kila upande na sauti yake), na maelezo. Mwaka ulioandikwa kwenye jalada usiuandike kabisa, kwa sababu huo ni mwaka wa kuchapisha mkusanyiko na hauhusiani na wimbo. Kisha panga orodha kwa jina la wimbo.

Hatua ya 3: Pitisha faili katika MusicBrainz Picard

Picard husikiliza faili, hutengeneza alama ya sauti mfano wa alama ya kidole, kisha huilinganisha na hifadhi yake kubwa. Ni programu ya bure, nami siioni yenye kuipita kwa kazi hii. Hata hivyo, mwaka wa kwanza inaoandika kwa kawaida ni wa albamu, wala si wa rekodi iliyomo, hivyo wimbo wa 1957 ulio ndani ya mkusanyiko wa 2010 utaandikiwa 2010. Mwaka sahihi itakubidi uuweke kwa mkono. Tena usiiruhusu ifute chochote, kwa maana alama ya sauti inaweza kuziona rekodi mbili kuwa moja pale ambapo sikio la binadamu linasikia mbili.

Hatua ya 4: Tenganisha nakala na matoleo

Hapa ndipo wiki mbili kati ya zile tatu zilipoishia, na hapa ndipo nakusihi usiharakishe. Nyimbo mbili zenye jina moja huweza kuwa mojawapo ya mambo manne: faili ileile kabisa, rekodi ileile iliyohamishwa kutoka kwenye utepe au santuri kwa mashine nyingine, rekodi ileile iliyoongezewa ala baadaye, au rekodi nyingine kabisa, ambayo mwimbaji aliingia studio upya kuiimba. Katika hali mbili za kwanza unaweza kubakiza moja. Katika mbili za mwisho usifute kitu mpaka mwenye mfuko amesikilizishwa zote na kuchagua.

Mfano wa hali ya nne ni Am I Losing You, ambayo aliirekodi miaka ya 1950 na kuirekodi tena kwa toleo la 1960. Hali ya tatu ndiyo yenye mitego zaidi, kwa kuwa baada ya kifo chake sauti yake ilichukuliwa kwenye tepu za zamani na kuwekewa ala mpya. Distant Drums yenyewe ilikuwa rekodi ya majaribio tu, aliyoimba kwa ajili ya mtunzi Cindy Walker; ala za okestra ziliongezwa baadaye, na mwaka 1966 wimbo huo ukakaa wiki tano katika nafasi ya kwanza Uingereza. Vilevile utakuta nyimbo anazoimba na waimbaji wa kike: Deborah Allen na Patsy Cline. Zote ziliunganishwa kwa mitambo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na Patsy Cline alikuwa amefariki tangu Machi 1963. Ziweke kando katika folda yake, wala usizihesabu kuwa ni rekodi za Jim Reeves peke yake.

Njia ninayoitegemea kutofautisha ni hii. Fungua faili mbili katika Audacity, programu ya kuhariri sauti, zigeuze zote kuwa mono, kisha vuta picha mpaka uone mawimbi ya sauti kama milima, na usogeze moja hadi kilele cha neno la kwanza katika faili ya juu kikae sawasawa juu ya kilele cha neno hilo katika faili ya chini. Linganisha ukubwa wa sauti. Chagua moja ya hizo mbili, tumia amri ya Invert, inayogeuza mawimbi juu chini, kisha zicheze kwa pamoja. Kama zinafanana kama shilingi kwa ya pili, zitafutana na utasikia kimya au mnong'ono hafifu. Kama moja imeongezewa ala, sauti ya mwimbaji itafifia na vinanda vya nyuzi vitabaki vikielea peke yake, jambo ambalo ukilisikia mara moja hutalisahau. Kama ni rekodi mbili tofauti, hakuna kitakachofutika.

Sasa tahadhari, ambazo mimi nilizijua kwa kuchelewa. Nakala mbili za He'll Have to Go zilikataa kufutana, nami kwa siku nne niliamini kwamba nimepata toleo lisilojulikana la wimbo huo. Neno la kwanza lilifutika vizuri, la pili nusu, na kufikia kiitikio zilikuwa zikisikika kama watu wawili wanaoimba ndani ya tangi. Kosa lilikuwa la kasi. Mmoja wa waliohamisha utepe alikuwa na mashine iliyozunguka polepole kidogo, na wimbo ukarefuka kwa takriban sekunde mbili. Kwa hiyo, kabla ya kuamua lolote, pima muda kutoka mwanzo wa neno la kwanza hadi mwanzo wa neno la mwisho katika faili zote mbili. Usipime urefu wa faili nzima, kwa sababu kimya cha mwanzo na cha mwisho hutofautiana katika kila CD. Gawanya muda mmoja kwa mwingine, badilisha kasi ya faili moja kwa kiwango hicho, kisha rudia jaribio. Mashine nyingine huyumba kasi katikati ya wimbo, na hapo hutapata kimya kamili hata ufanyeje; ridhika ikiwa sekunde kumi za mwanzo zinafutika, kisha sogeza upya na ujaribu sekunde kumi za katikati.

Tahadhari ya pili ni ile stereo ya kughushi. Katika miaka ya 1960 rekodi za mono zilichezewa ili zionekane stereo, besi zikasukumwa upande mmoja na sauti nyembamba upande mwingine. Faili ya namna hiyo haifutani vizuri na mono ya asili, lakini haina maana kwamba ni rekodi nyingine.

Jaribio likishindikana kabisa, vaa hedifoni na utegee sikio pumzi. Tangu Four Walls, Jim Reeves aliimba kwa sauti ya chini akiwa karibu mno na maikrofoni, kwa hiyo anapovuta pumzi kabla ya mstari unaisikia, na urefu wa pumzi hiyo haurudiwi sawasawa katika kuimba mara mbili. Chagua pumzi tatu katika wimbo na uzilinganishe. Mimi sasa huanza na pumzi, na Audacity huja kuthibitisha.

Hatua ya 5: Chagua nakala ya kubakiza

Miongoni mwa nakala zinazolingana, bakiza ile ambayo bado inasikika kelele kidogo ya utepe nyuma yake. Nakala zilizosafishwa mno hupoteza zile pumzi pamoja na mwangwi wa chumba, na sauti ya Jim Reeves bila chumba chake inakuwa kavu. Kwa rekodi zilizotoka kwa mono mimi huchagua mono kila mara. Kasi nayo ipewe uzito: cheza mwanzo wa wimbo huku ukigusa kinanda, na ikiwa noti inaangukia katikati ya vibonye viwili, tafuta nakala nyingine.

Hatua ya 6: Panga kwa mwaka na utengeneze flashi

Taja folda kwa mwaka ambao rekodi ilitolewa kwanza, na uyasahau majina ya mikusanyiko. Welcome to My World, kwa mfano, iingie 1962, ilipotoka katika albamu ya A Touch of Velvet, ingawa wengi wanaijua kwa singo ya 1964. Nyimbo za dini kama This World Is Not My Home ziende 1962 pamoja na albamu ya We Thank Thee. FLAC zibaki kwenye diski mbili tofauti, na kwa ajili ya gari tengeneza MP3 za kiwango cha 320 kbps, kwa kuwa redio nyingi za magari ya zamani hazisomi FLAC.

Mzee alipokuja nilimsikilizisha zile jozi nilizoshindwa kumwamulia. Alizishika hedifoni kwa mikono miwili, akafumba macho, na kwa kila jozi alihitaji mstari mmoja tu kabla ya kusema, “Hii ndiyo ya redio.” Jozi mbili alizikataa kuzipunguza, nami nikamwekea zote.