Kabla hujaleta kobe ndani ya nyumba Dodoma, weka haya sawa kwanza

Kobe akiumwa hakuambii. Mbwa atalia, kuku atajikunyata kwenye kona hata mtoto anaona huyu leo hayuko sawa, ila kobe anaweza kukaa wiki na wiki anaishiwa maji mwilini taratibu, macho yanaanza kuvimba, gamba linalegea, na we unapita hapo kila asubuhi unaona katulia tu unasema aah huyu ndo alivyo. Siku ukishtuka ujue tatizo lina miezi. Ndo maana mtu yeyote anayeniuliza kuhusu kufuga kobe ndani namwambia maandalizi yaishe kabla kobe hajavuka mlango, sio unamleta alafu ndo unaanza kuulizia balbu inapatikana wapi.

Hapa naongelea hasa kobe boksi, yule mdogo wa Marekani mwenye bawaba kwenye gamba la tumboni, akiogopa anaingiza kichwa na miguu anafunga kabisa, hata ncha ya kucha huioni. Akikua anafika kama sentimita 11 mpaka 18 hivi kwahiyo ndani ya nyumba anawezekana. Kwetu wapo kobe wenye bawaba pia ila ya kwao iko mgongoni kwa nyuma, na yupo yule mkubwa wa madoadoa anayevuka kilo kumi, huyo sebuleni sahau.

Na hapohapo tuanze na sheria maana watu wengi wanairuka. Unakuta mtu anatoka shamba huko Chamwino au Kongwa, kobe anavuka barabara, anasimamisha gari anamtia kwenye buti anampelekea watoto. Jamani hiyo hairuhusiwi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema mnyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, we huwezi kujimilikisha bila kibali hata kama umemkuta kwenye shamba lako mwenyewe. Wa kuwauliza ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya, nenda uulize kabla, kuuliza hakugharimu kitu. Na kwenye miamba yetu ya kanda ya kati kuna yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe, huyo anataga yai moja moja tu na kwa miaka mingi amekamatwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje, mwaka 2019 akaingizwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na orodha hiyo ndo kali kuliko zote. Ukimuona muache kwenye jiwe lake. Kobe boksi nao karibu wote wapo orodha ya pili, kwahiyo akiwa ametoka nje ya nchi lazima awe na karatasi zake, za CITES na za mifugo, na hizo karatasi ukabidhiwe wewe. Mtu anayekuachia kobe akikwambia karatasi zipo utaletewa baadae, we usimchukue mpaka zije.

Siku ya kumuona mnyama mwenyewe usiwe na haraka. Mshike kwa mikono miwili pembeni ya gamba, muinue taratibu. Anatakiwa ahisike mzito kuliko unavyotegemea kwa ukubwa wake, akiwa mwepesi kama gamba tupu huyo ameishiwa maji au anaumwa muda mrefu. Macho yawe wazi, makavu, yanang'aa. Angalia pua, isiwe na kamasi wala vipovu, sogeza sikio usikilize kama anapumua kwa mlio. Alafu angalia nyuma ya taya pande zote mbili pale penye sikio, pawe bapa, ukiona nundu upande mmoja huo ni usaha umejikusanya sikioni, kobe boksi wanapata sana hii kitu na mara nyingi chanzo ni chakula kisicho na vitamini A. Gamba bonyeza kidogo, mkubwa linatakiwa liwe gumu. Na ukikuta limetobolewa tundu pembeni ili apitishwe kamba, ujue yule mnyama aliumia kweli, gamba ni mfupa wake, limeungana na uti wa mgongo na mbavu, lina damu na lina mishipa ya fahamu. Kutoboa pale ni kumtoboa mtu mfupa.

Sasa nyumba yake. Beseni halifai, la kioo nalo halifai maana anaona nje anakaa kutwa anasukuma ukuta anatafuta njia mpaka pua inachubuka. Nenda kwa fundi seremala akutengenezee boksi la mbao au plaiwudi, urefu sentimita 120 upana 60 ndo mwanzo kwa kobe mmoja, ukipata nafasi ya kuzidisha zidisha, kuta zisipungue sentimita 40 maana hawa wanapanda balaa. Ndani mwambie apake rangi isiyoingiza maji na uiache ikauke mpaka harufu iishe kabisa. Kama unataka wawili, madume wawili hapana, watapigana, na kobe wa aina tofauti hapana kabisa kwasababu wanaambukizana magonjwa ya kifua.

Kitu ambacho Dodoma kinatushinda ni unyevu na hapa naomba usome taratibu. Kobe boksi, hasa wale wa mashariki mwa Marekani, wametokea kwenye misitu yenye majani yaliyooza na udongo wenye majimaji, wanataka unyevu wa asilimia 60 mpaka 80. Sisi huku mvua ya mwaka inazungukia milimita 550 hadi 600, inaanza Desemba inaisha Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka unahisi midomo inapasuka. Midomo yako ikipasuka na yeye anakauka, ila yeye hana mafuta ya kupaka. Nunua kipima unyevu kile kidogo cha betri ukiweke ndani ya boksi usawa wa kobe, sio ukutani. Chini weka udongo mzuri usio na mbolea wala dawa, changanya na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa (agiza kutoka Dar au Tanga, huku nazi zenyewe zinakuja zimeshafuliwa), kina kiwe sentimita 10 mpaka 15 ili aweze kujifukia, juu tandaza majani makavu. Mchanga mtupu hapana, pumba za mbao hapana. Kila asubuhi mwagia maji kwenye kona moja ule udongo wa chini uwe na unyevu ila juu pasiwe tope, na upande huohuo weka chungu kilichovunjika au gome la mti alale chini yake. Boksi funika nusu ya juu na plaiwudi kuzuia unyevu usipotee. Kuanzia Juni mpaka Novemba hiyo kazi haina likizo.

Maji ya kunywa weka kwenye sahani pana isiyo na kina, yasizidi kidevu chake maana kobe boksi sio muogeleaji, kwenye chombo kirefu anaweza kuzama. Atayanyea hayo maji, ndo kawaida yao, kwahiyo unabadilisha kila siku na siku nyingine mara mbili. Alafu mara mbili tatu kwa wiki mloweke kwenye beseni yenye maji ya uvuguvugu robo saa mpaka dakika 20. Kwenye mitaa yenye mgao hapa lazima upige hesabu mapema, tenga ndoo yake yenye mfuniko, maji ya bomba yakilala usiku kucha hata ile harufu ya dawa inapungua.

Jua tunalo na ni zuri, ila kuna kitu watu hawajui, ile miale inayomsaidia kobe kutengeneza vitamini D na kujenga gamba haipiti kwenye kioo cha dirisha. Kumuweka dirishani unampa joto tu. Kwahiyo ni aidha ununue taa ya UVB, yaani inayotoa miale hiyo, iwake kwa masaa 10 mpaka 12 kila siku na ubadilishe balbu kati ya miezi sita na mwaka hata kama bado inawaka maana ile miale inaisha kabla ya mwanga, au umtoe nje asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mi nashauri vyote viwili. Ukimtoa nje lazima kivuli kiwepo na awe kwenye ardhi, usithubutu kumuweka juani kwenye beseni au ndoo ukaingia ndani kupokea simu, anachemka, dakika chache tu umempoteza. Upande wa kuota joto ndani ya boksi uwe nyuzi 29 mpaka 32, upande wa baridi 21 mpaka 24. Oktoba na Novemba chumba chenye bati bila silingibodi kinapita hapo chenyewe, mtafutie chumba kingine. Julai usiku kinyume chake, baridi ya Dodoma unaijua, hakikisha hapashuki chini ya nyuzi 18. Huko kwao wanalala kipindi chote cha baridi wamejifukia, sisi hatuna sababu ya kumlazimisha, akipunguza kula kidogo mwezi wa saba lakini ni mzito na macho yako wazi msubiri.

Chakula ndo raha yenyewe. Huyu sio mla majani peke yake, anakula na nyama, mkubwa weka kama nusu kwa nusu. Soko la Majengo unapata karibu kila kitu, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, chainizi, figiri, badilisha badilisha. Mchicha mpe mara mojamoja isiwe kila siku kwasababu una vitu vinavyobana kalisi (kalsiamu) mwili usiipate. Boga lenyewe la njano, karoti na papai ndo vinaleta vitamini A, visikose kwenye wiki. Tunda la mpungate lililotolewa miba analipenda sana. Zabibu zetu hizi mpe moja imekatwa, sukari ni nyingi. Upande wa nyama mpe minyoo ya udongo, panzi, konokono, funza wa nzi chuma wanaofugwa kwa ajili ya kuku hao wana kalisi nzuri, na mvua za kwanza zikidondoka kumbikumbi wakitoka utamuona kobe mwingine kabisa, anakimbia, shingo imetoka yote, anadaka, anakanyaga bawa kwa mguu wa mbele anavuta. Ila wadudu wasitoke kwenye bustani iliyopuliziwa dawa. Juu ya chakula nyunyiza kalisi, maganda ya mayai yaliyochemshwa yakakauka yakasagwa laini yanafaa. Parachichi, vitunguu, maziwa, mkate, ugali na dagaa wa chumvi usimpe. Najua dada wa nyumbani na bibi watamuonea huruma watamtupia ugali, kaa nao uwaeleze mapema, waoneshe na sahani yake.

Ndani ya nyumba kwenyewe kuna mambo ya haraka haraka. Sakafu ya tailizi inamteleza miguu inatanuka, mtandikie mkeka anapotembea. Dawa ya mbu ya kupuliza ile ya jioni isipulizwe chumba alichopo. Siafu na panya wanamla akiwa hai, miguu ya boksi isimamishe kwenye vikopo vya maji. Mbwa wa nyumbani hata awe mpole vipi asiachwe naye. Na geti, kabla ya gari kutoka lazima mtu aseme kobe yuko wapi.

Watoto. Kobe anabeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa, Marekani walipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba chini ya inchi nne, kama sentimita 10, sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni wanaugua. Kila anayemshika anawe mikono na sabuni, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga ndogo mi ningesema subiri kwanza.

Daktari mtafute kabla. Madaktari wa mifugo Dodoma wapo wengi na wanajua ng'ombe, mbuzi na kuku vizuri sana, ila kobe sio kila mtu ameshamshika, kwahiyo ulizia nani ana uzoefu na wanyama wa magamba, na namba ya mtu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro iwepo kwenye simu yako. Mpime uzito kila mwezi kwa mzani wa jikoni uandike, uzito ukishuka miezi miwili mfululizo hiyo ndo lugha yake, usingoje dalili nyingine.

Mwisho ni umri, maana kobe boksi akitunzwa anafika miaka 30, 40, wengine 50 na kupita. Ukimchukua una miaka 35 kuna uwezekano akakuzika. Kaa na familia mkubaliane nani atamchukua, na safari za Desemba mnapoenda nyumbani nani anabaki naye, huyo mtu aje kabla hamjaondoka amloweke na kumlisha mbele yako, umwachie karatasi ukutani yenye siku za kuloweka, vyakula asivyokula, namba ya daktari, pamoja na kopi ya vibali.